Ushauri: Nipo Tabora, natafuta gari la mtumba lenye raha, la kazini na la kuchezea uwanjani. Bajeti mil. 20

Mtoto wa Kiloleni

Wakuu, habari za majukumu.

Niende kwenye mada. Naishi Tabora mjini, kazi yangu iko Sikonge. Kila siku ya kazi nakwenda na kurudi, kama kilomita 140 jumla, lami tupu. Miaka sita nimeipiga hiyo safari na IST na haijawahi kunilaza njiani hata siku moja. Ila kuiendesha ni kama kukaa kwenye kiti cha kinyozi, unasubiri tu umalizwe. Nimechoka.

Sasa nina milioni 20, na IST inabaki kwa mke. Nataka gari la gia za mkono, linalojibu ukilikanyaga. Halafu nina washkaji Arusha wanaocheza otokrosi: wanapanga koni uwanjani, mnakimbizana na saa, mmoja mmoja. Mwaka jana nilikwenda kutazama, nikarudi usingizi hauji. Kwa hiyo gari hilo hilo likacheze Jumapili na Jumatano liwe Sikonge.

Orodha yangu: Toyota Altezza RS200, Subaru Impreza WRX zile za 2000 hadi 2007, Mazda RX-8, na Toyota RunX Z. Moyo uko kwa Altezza, kuna moja nyeusi inauzwa hapa hapa mjini. Nipeni ukweli, msinionee huruma.

Mwembe Mbivu

RX-8 Tabora? Mkuu, hiyo ukiipaki chini ya mwembe mwezi wa kumi na mbili, embe litakaloidondokea ndiyo itakuwa shida yake ndogo kuliko zote.

Fundi Kanyenye

Mwembe anatania lakini kasema kweli. Ile injini haina pistoni. Ndani kuna pembetatu inazunguka, na kwenye kila ncha kuna sili. Sili zikilika kampresheni inakwisha, na dalili yake ni kwamba gari likiwa baridi linawaka, likipata moto ukazima haliwaki tena. Unakaa nalo porini linapoe kama uji. Juu ya hapo inakunywa oili kwa makusudi, imeundwa idunge oili ndani kulainisha hizo sili. Asiyezoea kupima oili kila wiki anaiua.

Nimefungua injini nyingi mkoa huu. Hiyo sijawahi, na sitaki kujifunzia kwenye gari lako.

Subaru Damu

Unazunguka mbuyu wa nini kiongozi, chukua WRX. Injini EJ205, tabo, farasi 250, tairi zote nne zinavuta. Otokrosi ya Arusha ni vumbi, siyo lami. Wenzako wakiserereka wewe unachimba unatoka. Colin McRae alichukua ubingwa wa dunia wa rali 1995 na Impreza, unataka ushahidi gani tena?

Kibubu Tupu

@Subaru Damu, McRae hakuwa anajinunulia mafuta.

Mtoa mada, shika kalamu. Kilomita 140 kwa siku 20 za kazi ni 2,800 kwa mwezi. Weka petroli shilingi 3,000 ili hesabu iwe nyepesi. WRX iliyochoka kidogo, mguu wako ukiwa na furaha, ni kilomita 8 kwa lita: lita 350, milioni 1 na 50 elfu kwa mwezi. Altezza ikikupa 10, lita 280, ni 840,000. RunX Z ukiwa mstaarabu 12, kama 700,000. Umesahau Suzuki Swift Sport, ile ya kuanzia 2005, hiyo 14 inakupa: lita 200, laki sita.

Kati ya WRX na Swift ni laki nne na nusu kila mwezi. Kwa mwaka ni zaidi ya milioni tano. Hapo hujagusa plagi wala oili.

Subaru Damu

Raha ina gharama yake. Mtu mwenye kikokotoo mfukoni apande basi.

Dada Klachi

Habari zenu. Niko Arusha na otokrosi nacheza, naendesha hiyo Swift Sport aliyoitaja Kibubu. Farasi 125 tu, lakini ina uzito wa kama kilo 1,060, kwa hiyo kwenye koni nawaudhi wenye magari makubwa.

Kaka Mtoto wa Kiloleni, jambo moja uliweke sawa mapema. Nchini kwetu hatuna uwanja wa lami wa mbio kama Kyalami ya Afrika Kusini. Tulicho nacho ni rali na otokrosi, yaani vumbi, mawe na matuta. Gari lililokatwa springi ili lilale chini litang'oa bampa raundi ya kwanza. Kwa hiyo ukikuta "imeshushwa" kwenye tangazo, usifurahi, teremsha bei.

Mwaka wangu wa kwanza nilitumia hela yote kwenye rimu na eksozi. Raundi ya tano nakaribia koni ya kugeuzia, nakanyaga breki, pedali inakwenda mpaka chini kama nimekanyaga sponji. Nikapita koni, nikapita kamba, nikasimama kwenye mahindi ya watu. Gari halikuumia, mwenye shamba ndiye aliumia, nikamlipa. Fundi akafungua kikopo cha oili ya breki: nyeusi kama kahawa. Ile oili inafyonza maji hewani taratibu. Ya daraja la DOT 4 ikiwa mpya inatakiwa ivumilie nyuzi 230 kabla ya kuchemka, ikishafyonza maji inaweza kushuka mpaka 155. Ikichemka inatoa mapovu, na povu halisukumi breki. Badilisha kabla ya siku ya mchezo, ni bei ya chipsi kuku mara chache.

Na tairi. Usiangalie kashata peke yake. Ubavuni kuna tarakimu nne mwisho wa herufi za DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na kashata nzuri na limeshakuwa gumu kama soli.

Halafu soma bima yako. Hata ile kubwa, kwa kawaida ajali ya mashindano haimo.

Mtoto wa Kiloleni

Dada Klachi asante sana, hayo mahindi yamenifundisha. RX-8 nimeifuta. WRX inanitesa moyoni ila Kibubu kaniua. Vipi nikiagiza Altezza Japani badala ya hii ya hapa?

Mzee wa Gerezani

Mwanangu, Altezza ya mwisho imetoka 2005. Zote zimepita miaka kumi, kwa hiyo unalamba ushuru wa uchakavu 30%. Ongeza ushuru wa forodha 25%, ekisaizi 5% kwa injini ya zaidi ya cc 1,000 isiyozidi 2,000, na VAT 18%, na moja inapandishwa juu ya nyingine, siyo kwamba unajumlisha tu. Ingia kwenye kikokotoo cha TRA mtandaoni, weka modeli na mwaka, ujionee mwenyewe. Nunua lenye namba za hapa.

Spea nazouza mimi, nikwambie ukweli: za RunX nakutumia kwa basi jioni, kesho yake ziko Tabora. Mwili wa RunX Z ni ile ile RunX ya kila mtaa, taa, bampa, milango, bushi nyingi, vipo. Injini ndiyo tofauti, 2ZZ, ndugu yake yuko kwenye Celica. Hata Lotus waliifunga kwenye Elise.

Fundi Kanyenye

Kabla hujatoa hata mia kwa hiyo Altezza nyeusi, fanya hivi.

Nenda asubuhi bila kumpigia nusu saa kabla. Weka kiganja juu ya boneti. Kama ni ya moto, kuna kitu hataki ukione injini ikiwa baridi: moshi, mlio wa tapeti, au rejeta iliyotiwa maji muda huo huo. Rudi siku nyingine.

Fungua boneti usome kibao cha modeli. RS200 yenyewe ni SXE10, injini 3S-GE ya silinda nne, farasi 210 kwenye gia za mkono. Ukikuta GXE10, hiyo ni AS200, silinda sita, farasi 160. Siyo gari baya, lakini siyo unalolipia. Kibandiko cha nyuma kisikudanganye, vinauzwa.

3S-GE inatumia mkanda wa taimingi. Uliza umebadilishwa lini, na kama jibu ni "bado mzima huo", hesabu kwamba haujabadilishwa. Kisha endesha, ingiza gia ya pili na ya tatu haraka haraka. Ikikwaruza, giaboksi imeshapigwa sana.

RunX Z haina mkanda, ina cheni. Yenyewe ugonjwa wake ni mwingine: ikivuka mizunguko 6,000 kemu, zile zinazofungua valvu, zinahamia kwenye mdomo mkubwa, sauti inabadilika kabisa, na farasi 190 ndiyo wanaamka. Isipobadilika sauti, zile bolti za kuhamishia zimekatika, hasa za miaka ya mwanzo. Bolti zenyewe siyo ghali. Na oili isishuke hata kidogo. Kwenye kona ndefu inahamia upande mmoja, pampu inavuta hewa, umekwisha.

Mwembe Mbivu

Fundi leo umetoa mtaala mzima bure. Kuna mtu kaugua?

Fundi Kanyenye

Umeme umekatika tangu saa nne, nifanye nini?

Mtoto wa Kiloleni

Mrejesho wakuu, baada ya siku tisa.

Altezza nimekwenda kuiona saa kumi na mbili na nusu asubuhi, sikumpigia. Boneti ya moto! Jamaa anasema katoka kuswali, lakini msikiti uko ng'ambo ya barabara, naweza kumhesabia hatua. Nikaomba afungue. Kibao kimepakwa grisi. Nikafuta kwa kidole: GXE10. Nyuma RS200 inang'aa mpya. Nikamuuliza, akacheka, akasema "si zote ni Altezza?" Nikamwachia hapo.

Kisha nikapata RunX Z ya Dodoma, fedha, gia sita, haijakatwa springi. Nililala kule ili niikute baridi. Imewaka mara moja, moshi hakuna. Oili ilikuwa chini ya alama ya kati, nikaongeza kabla sijaondoka. Milioni 14 na nusu, iliyobaki ni ya tairi, breki na bolti. Mzee wa Gerezani nakuja PM.

Nikishapita Nzega nilizima redio. Barabara tupu, hakuna watu, hakuna baiskeli za mkaa. Gia ya pili nikaiacha ipande. Ikapiga 6,000, ikalia kama kitu kingine kabisa, nywele za mikono zikasimama. Natazama dashibodi: kilomita 75 kwa saa. Sabini na tano tu! Trafiki mwenye tochi angenipungia mkono.

Subaru Damu

Hongera. Siku ukikwama kwenye tope usinitafute.

Dada Klachi

Hongera kaka. Oili ya breki umebadilisha?

Mtoto wa Kiloleni

Bado dada. Kesho asubuhi iko kwa Fundi Kanyenye, umeme ukiwepo.