Ukoga wa kijani kwenye uwanja wa padel: nitumie dawa gani kabla tajiri hajafika Jumamosi?

Mtunza Uwanja (mtoa mada)
Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada, tangu juzi sijapata usingizi. Nasimamia uwanja mmoja wa padel hapa Dar, karibu na bahari. Tangu masika yaanze, kapeti la nyasi bandia, lile linalojazwa mchanga, limeota ukoga wa kijani upande wenye kivuli cha mwembe, na mpira ukidunda kwenye kona za nyuma unakufa, haurudi. Vioo vina madoa meupe yasiyotoka. Tajiri anaingia Jumamosi na nilimwambia kila kitu kiko sawa. Nimeshanunua jiki lita 20 na kijana wa mashine ya kuoshea magari anakuja kesho asubuhi. Naomba kujua tu kipimo cha jiki kwa ndoo moja ya maji.

Kipepe
Padel ndiyo nini mkuu? Nilifungua uzi nikijua ni pedeli za baiskeli.

Bi Mkubwa wa Tanga
Kipepe, ni mchezo wa raketi ndani ya kizimba cha vioo na wavu wa chuma, mita 20 kwa 10, wanacheza wawili kwa wawili na mpira unaruhusiwa kugonga kioo. Aliyeuanzisha ni Enrique Corcuera, kule Acapulco, Mexico, mwaka 1969. Mwanangu anaucheza, ndiyo maana nakujua huko.
Mtoa mada, jiki changanya na ile dawa ya kuoshea vyoo, ukoga hauoni ndani.

Fundi Kioo
Bi Mkubwa, samahani sana mama yangu, hilo HAPANA. Jiki ikikutana na dawa ya choo yenye asidi inatoa gesi ya klorini. Gesi hiyo inachoma mapafu. Mtoa mada, usijaribu hata kwenye kikopo.
Na mashine ya kuoshea magari mwambie asije. Presha ile inachimbua mchanga kwenye nyasi na kubandua gundi kwenye maungio ya kapeti. Kapeti likishaanza kunyanyuka, hilo ni kapeti jipya.
Nikuulize: mara ya mwisho uliongeza lini mchanga, na ulikuwa mchanga gani?

Mtunza Uwanja
Asante fundi. Mchanga uliongezwa kama wiki 3 zilizopita, mchanga wa kawaida tu. Turudi kwenye jiki.

Mswahili wa Muscat
Salaam ndugu zangu. Huku Omani padel imeshika kila mtaa na mimi nimefanya usafi wa viwanja viwili kwa miaka minne. Adui yetu ni vumbi. Vioo tunaosha kabla jua halijachomoza, kwa sababu saa nne asubuhi sabuni inakaukia kiooni kabla hujaifuta, na madoa yake ni kazi kuyatoa. Maji yasiyo na chumvi, sabuni laini kidogo sana, kitambaa laini, halafu ule mpira wa kukaushia vioo, kuanzia juu kushuka chini. Kapeti tunalipiga brashi ya nailoni kila wiki, leo kwa urefu, wiki ijayo kwa upana, maana mchanga una tabia ya kukimbilia kwenye kona. Mwaka wangu wa kwanza nilitumia brashi ya waya. Msimamizi wangu, mzee wa Kibaluchi, hakunigombeza. Alikaa chini akaokota nyuzi zilizokatika moja moja, akanijazia kiganja. Nililia siku ile.

Fundi Kioo
Mchanga wa kawaida ni upi, kaka? Uliutoa wapi?

Mtunza Uwanja
Wa ufukweni. Viroba 20. Lakini niliuchekecha mara tatu na ulikuwa msafi, mweupe kuliko hata wa dukani. Mchanga ni mchanga jamani.

Fundi Kioo
Basi tatizo lako ndilo hilo, ukoga ni dalili tu. Uwanja wa padel unawekwa mchanga wa silika, punje za mviringo, ulioshwa na kukaushwa kiwandani. Wa bahari una chumvi, na chumvi inavuta unyevu, kapeti halikauki hata jua likitoka. Una vipande vya makombe, vinakata nyuzi. Ule laini unashikana kama saruji na kuziba njia ya maji. Hapo ukoga unapata makazi. Sasa nenda kaangalie skrubu za chini zinazoshika vioo, halafu uniambie rangi yake.

Mtoto wa Kunduchi
Mimi hili limeniuma kwa sababu nyingine. Nimekulia Kunduchi. Sehemu tuliyokuwa tunacheza chandimu utotoni leo ni maji matupu, bahari imekula. Watu walichota mchanga mtoni na ufukweni wakisema ni viroba vichache. Na kuchota bila kibali ni kosa kisheria. Ndugu yangu, ule mchanga una kazi yake pale ulipo.

Mtunza Uwanja
Skrubu nyingi zimeshika kutu. Nisemehewe kwa wa Kunduchi, sikuchota mimi, nililetewa.
Niseme ukweli wote sasa. Tajiri alituma 1,400,000 za mchanga wa silika. Wa bahari ulinigharimu 250,000 na usafiri. Kiasi kilichobaki niliwalipa walinzi mshahara wa miezi miwili waliokuwa wanadai, na nyingine nikalipa kodi ya nyumba. Nilipanga kurudisha. Walinzi wangeondoka, na bila mlinzi hakuna uwanja. Ningefanyaje?

Bi Mkubwa wa Tanga
Ungempigia simu, mwanangu. Ungemwambia walinzi hawajalipwa. Hela ya mtu iliyotumwa kwa kazi ni amana.

Tundu la Sindano
Jamani hii ni chai. Pigeni hesabu. Viroba 20 vya kilo 50 ni tani moja. Uwanja ni mita 200 za mraba, hivyo kilo 5 kila mita. Nyasi zenyewe ni fupi, kama milimita 12, na zilishakuwa na mchanga wake. Zingefunikwa kabisa na hakuna mteja angelipia kucheza jangwani wiki tatu. Picha hakuna. Mtu mwenye shida anaweka picha.

Kipepe
Kweli, hata mimi nilikuwa najiuliza. Mwaka jana kulikuwa na uzi kama huu wa bwawa la kuogelea, mwisho wake jamaa akaanza kuuza dawa.

Mtunza Uwanja
Siuzi chochote. Picha siweki kwa sababu uwanja unajulikana, na tajiri ana watu humu. Viroba ni vya kilo 25, siyo 50. Nilimwaga nyuma ya mstari wa sevu, ndiko kulikopauka. Miguu ya wachezaji na mvua vikausukuma kwenye kona, huko nyasi hazionekani kabisa. Na wateja wamepungua, ndugu Tundu. Alhamisi dada mmoja aliteleza hapo, kifundo cha mguu kikavimba. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Tundu la Sindano
Nusu tani, na imekusanyika kona. Hesabu inakubali. Samahani mkuu. Funga uwanja leo.

Mtunza Uwanja
Nafasi za wikiendi zimeshalipiwa.

Mswahili wa Muscat
Warudishie. Mguu wa pili ukivunjika hutakuwa na cha kumwambia tajiri. Subiri kapeti likauke kabisa, piga brashi kinyume na ulalo wa nyasi, mchanga unyanyuke, halafu uuvute kwa kifyonza vumbi kikubwa cha karakana. Kona kwanza. Chumvi iliyobaki isuuze kwa maji baridi ya bomba, mpira wa bustani tu. Ukoga upige brashi, kisha dawa ya mwani ya mabwawa isiyo na klorini, na ujaribu pembeni kwanza. Silika ije mwisho, kidogo kidogo, ncha za nyasi zibaki milimita 2 au 3 juu ya mchanga. Tawi la mwembe ombeni likatwe.

Mtunza Uwanja
Nimefunga tangu jana. Nimempigia tajiri saa mbili usiku, nikamweleza yote, na la kodi. Alinyamaza muda mrefu, akasema ataongea akifika. Leo hakujanyesha, kona ya kwanza imetoa viroba vitatu na nyasi zimeanza kuonekana. Jiki nimerudisha dukani. Fundi, zile skrubu zenye kutu nizifungue mwenyewe?

Fundi Kioo
Usiguse hata moja. Kioo kile kikigongwa ukingoni kinamwagika chote kama punje za mahindi. Nitumie ujumbe faragha, kesho saa moja asubuhi nakuja na spana zangu.