Apstrimu wawili, mmoja kajaa pomoni mwingine kalala: trafiki inayoingia naibalansije?

mlinzi_wa_ruta:
Habari wakuu, naomba msaada kwa wanaoijua BGP (lugha ambayo mitandao inaambiana njia za kufikia anwani) vizuri maana nimekwama kabisa.

Tuna AS yetu (namba ya mtandao unaojitegemea) na /22 moja ya IPv4 (anwani 1,024), tuna apstrimu wawili (provaida wanaotuuzia intaneti), nitawaita A na B, kila mmoja katupa linki ya Gbps 5. Wote wanaishia kwenye ruta moja na napokea jedwali zima la ruti kutoka kwa wote. Trafiki inayotoka haina ishu, hiyo naipanga navyotaka. Shida ni inayoingia. Ikifika jioni linki ya A inagonga Gbps 4.8 na paketi zinaanza kudondoka, wateja wanapiga simu video zinagandaganda, huku B iko kwenye Gbps 0.9 tu kama haipo. Natangaza ile /22 nzima kwa wote wawili, sijaikata.

Nimeprependi AS yetu mara tatu (nimeirudia namba yake kwenye njia) upande wa A ili njia yake ionekane ndefu watu waje kupitia B. Kilichohama ni kiduchu. Nikaongeza zikawa tano, hakuna kilichobadilika tena. Sasa najiuliza kwa nini dunia inang'ang'ania A hata nikiirefusha hivi? Na hili la kukata prifiksi (fungu la anwani) vipande vya /24 (anwani 256 kila kimoja) ndo dawa au naenda kuharibu? Wateja wako laivu sitaki kujaribu jaribu.

NjiaPanda:
Mkuu karibu. Kuna jambo moja ukilishika vizuri mengine yote yatakaa sawa: trafiki inayotoka unaiamua wewe, inayoingia anaiamua anayeituma. Wewe unachoweza ni kumshawishi tu, na kuprependi ni ushawishi dhaifu kuliko watu wanavyodhani.

Ruta ikiwa na njia mbili za kwenda prifiksi ileile, urefu wa njia ya AS sio kitu cha kwanza inachoangalia. Kabla ya hapo inaangalia lokali preferensi, na yenye namba kubwa inashinda, mchezo umeisha, urefu hauulizwi tena. Sasa karibu kila provaida mkubwa anaweka lokali preferensi ya juu kwa ruti za wateja wake, ya kati kwa piari (mitandao anayobadilishana nayo trafiki moja kwa moja), ya chini kwa zile anazonunua kwa mwenzake. Sababu ni ya kibiashara, mteja ndo anayemlipa. Na wewe ni mteja wa A.

Chukua huu mfano, AS yako tuifanye 64510, A awe 64500, B awe 64501. Ndani ya ruta ya A kwa ile /22 yako panaonekana hivi:

64510 64510 64510 64510, lokali preferensi 200, kaipata kwa mteja
64501 64510, lokali preferensi 100, kaipata kwa piari

Ya pili ni fupi, lakini A atachagua ya kwanza kila mara. Prependi hata ishirini bado atakuletea moja kwa moja. Kwa hiyo kila kinachoanzia ndani ya A, na wateja wote wa A wasio na njia nyingine, hao hauwahamishi kwa kuprependi. Waliohama kwako ni wale wachache wa mbali waliokuwa wanaona njia zote mbili ziko sawa kwa lokali preferensi, hao ulishawamaliza na zile tatu za kwanza, ndo maana tano hazikuongeza kitu.

takwimu_kwanza:
Naunga mkono na naongezea. Kabla hujagusa konfigi yoyote washa NetFlow au sFlow kwenye ruta (zinaonyesha trafiki inatoka wapi inaenda wapi), kusanya jioni ile ya msongamano, upange kwa AS ya chanzo na kwa IP ya mwisho upande wako. Mitandao mingi ya wateja wa majumbani ukifanya hivo unakuta trafiki inayoingia imebebwa na majina machache sana, video na masasisho ya simu na kompyuta. Na mara nyingi hizo video hazitoki mbali, zinatoka kwenye kashe (seva zenye nakala za video) zilizowekwa ndani ya mtandao wa provaida mwenyewe. Kama A ana kashe za hao wakubwa na B hana, basi umeshapata jibu lako, na hakuna prependi itakayoihamisha kashe ilipo.

Afu kitu kingine watu hawakizingatii, hao wenye video wana mifumo yao ya kuamua mtumiaji fulani ahudumiwe na kashe ipi, wanaangalia ruti unazotangaza, wanaangalia hata seva ya DNS anayotumia mteja. Wasome wanavyofanya, wengi wao wana utaratibu ulioandikwa wazi wa kuomba piaringi au hata kuweka kashe kwako kama trafiki yako imefikia kiwango chao. Pale penye sehemu ya kubadilishana trafiki iliyo karibu nawe, kujiunga kunaweza kukupunguzia mzigo wa A kuliko hizi hila zote za BGP.

NjiaPanda:
Kweli kabisa. Sasa @mlinzi_wa_ruta hatua inayofuata ni komyuniti, yaani lebo unayoibandika kwenye ruti kumwelekeza apstrimu aitendeeje. Karibu kila apstrimu wa maana ana orodha ya komyuniti kwa ajili ya wateja, tafuta ile inayomwambia A ashushe lokali preferensi ya ruti yako iwe chini ya ya piari. Ukiibandika, A mwenyewe ataona njia ya kupitia B ni bora na ataanza kupeleka huko. Hapo unaongea naye kwa lugha anayoisikia.

Ila angalia, ukiibandika kwenye /22 nzima utahamisha karibu kila kitu kwa mkupuo, B atajaa na A atabaki mtupu. Inabidi uwe na vipande. Endelea kutangaza /22 kwa wote, ongeza /24 kwa wote, afu komyuniti uiweke kwenye /24 moja tu upande wa A. Uone. /24 ndo kipande kidogo zaidi kinachokubalika kwenye intaneti ya IPv4, ukikata zaidi ya hapo wengi watakichuja (kwa IPv6 mwisho ni /48).

mlinzi_wa_ruta:
Dah hii ya lokali preferensi imenifungua macho. Swali dogo, si ningeitangaza tu hiyo /24 kwa B peke yake nikaacha /22 kwa wote? Nasikia kipande kidogo kinashinda kila kitu.

waya_kwa_waya:
Kinashinda kweli. Paketi inafuata prifiksi ndefu zaidi iliyopo kwenye jedwali kabla hata habari za lokali preferensi hazijaingia, kwa hiyo hata A akiisikia hiyo /24 kupitia B ataipeleka huko. Ni nyundo, inafanya kazi. Lakini soma haya kwanza kabla hujaipiga.

Kwanza RPKI, mfumo wa kuthibitisha nani ana haki ya kutangaza prifiksi gani. Kama ROA yako (hati ya ruhusa hiyo) inasema /22 na urefu wa mwisho ni 22, basi ile /24 ni batili, na provaida wengi siku hizi wanazitupa ruti batili. Utatangaza, utaona kwako iko sawa, kumbe kwa nusu ya dunia haipo. Usikimbilie kufungua hadi /24 kwa prifiksi yote, RFC 9319 (waraka wa miongozo ya intaneti) ya 2022 inashauri utengeneze ROA za vipande unavyotangaza kweli tu, maana ukiacha wazi mhuni anaweza kutangaza /24 yako usiyoitumia kwa kughushi AS yako na ikaonekana halali. Sajili pia ruti hiyo kwenye IRR (daftari la umma la ruti), na mwambie B mapema aongeze kwenye kichujio chake.

Pili, na hii ndo inaumiza watu usiku: uRPF, ukaguzi wa ruta kama anwani ya chanzo ina njia ya kurudi. Ukiitangaza /24 kwa B peke yake halafu paketi za hao hao wateja zikatoka kupitia A, na A kwenye poti yako ameweka ukaguzi mkali wa anwani ya chanzo, anaweza kuzitupa kwa sababu kwake njia bora ya kurudi kwenye anwani hiyo iko kwa B. Mteja anaona kurasa nyingine zinafunguka, nyingine hazifunguki, na wewe ukiangalia sesheni za BGP ziko kijani zote. Hata ile ya komyuniti inaweza kukuletea hili maana nayo inamfanya A apendelee B. Kwa hiyo waulize wote wawili wanatumia ukaguzi gani. RFC 3704 ya 2004 iliandikwa kwa ajili ya wateja wa namna yako hasa, wenye apstrimu zaidi ya mmoja, mtumie kama anabisha.

Tatu kama una faiawali inayokumbuka sesheni, isikae sehemu ambayo inaona upande mmoja tu wa mazungumzo. Wewe una ruta moja una nafuu, siku ukiweka ya pili kumbuka hili.

Na tafadhali usiende kuwasha vile visanduku vinavyojitengenezea vyenyewe prifiksi ndogo ili "kuboresha" njia bila kuwa na vichujio vya kutosha. Tarehe 24 Juni 2019 vipande vya namna hiyo vilivuja kutoka mtandao mdogo Marekani vikapita kwa mteja wake hadi kwa provaida mkubwa ambaye hakuchuja, na sehemu ya trafiki ya Cloudflare na wengine ikaelekezwa kwenye vilinki visivyoweza kuibeba. Wewe weka kichujio cha kutoka kinachoruhusu prifiksi zako tu, kingine chochote kisitoke.

ofisi_ndogo:
Samahani kuingilia wakuu, sisi hatuna AS wala prifiksi, ni ofisi tu ina laini mbili za provaida tofauti. Hizi mbinu zinatuhusu? Tumeweka kubalansi kwa kila paketi na watu wanatupwa nje ya akaunti zao kila saa.

waya_kwa_waya:
@ofisi_ndogo kwenu ni rahisi zaidi. Kwa kuwa mnatumia NAT (ruta inabadilisha anwani zenu za ndani kuwa ile ya laini mliyotokea), jibu linarudi kwenye anwani iliyotumika kutoka, kwa hiyo mkichagua laini ya kutokea mmeshachagua na ya kurudia. Acheni kugawa kwa kila paketi. Gawa kwa muunganisho, na hashi (hesabu inayoamua laini) ikokotolewe kwa anwani ya chanzo na ya mwisho tu bila poti, ili mtu mmoja akiwa kwenye tovuti moja aonekane na IP ileile muda wote. Tovuti zenye ulinzi mkali zikiona IP inarukaruka zinakutoa. Kwenye ruta za MikroTik mpangilio huo unaitwa PCC, chagua both-addresses. Msitegemee daunilodi moja ipate jumla ya laini zote mbili, haitapata. Na kipimo cha kujua laini iko hai kipingi anwani ya mbele huko nje, sio geitiwei ya provaida, maana geitiwei inajibu hata kama nyuma yake kumekatika.

mlinzi_wa_ruta:
Mrejesho wadau. Nimewasha sFlow na @takwimu_kwanza alikuwa sahihi kabisa, zaidi ya nusu ya kinachoingia kupitia A kinatoka kwenye kashe za humohumo ndani ya A. A ana ile komyuniti, na uRPF yake kwenye poti yangu sio kali, wamenithibitishia kwa barua pepe. ROA ya /24 nimetengeneza, nimesubiri ionekane, ndo nikatangaza.

Ila /24 niliyochagua ilihamisha kidogo tu. Nikaangalia vizuri, kumbe karibu wateja wote wa majumbani wanatoka kwenye CGNAT (NAT ya provaida, wateja wengi wanashiriki anwani chache) ambayo dimbwi lake la anwani liko kwenye /24 nyingine. Nihamishe ile?

NjiaPanda:
Ukihamisha ile nzima utahamisha mzigo wote, hapo shida imebadilisha upande tu. Gawa dimbwi la CGNAT. Nusu ya wateja wabaki kwenye /24 ya sasa, nusu wapewe anwani kwenye ile /24 uliyoiwekea komyuniti. Badilisha alfajiri kukiwa na watu wachache maana sesheni zilizo wazi zitakatika. Hii ndo rungu yako kuanzia leo, ukitaka kusogeza Gbps kadhaa kwenda B unaongeza kundi la wateja kwenye dimbwi, BGP huigusi. Usahihi wake hauupati kwa prependi hata siku moja.

Na zitoe zile prependi tano, hazina kazi tena, zinakuchanganya tu ukija kutafuta tatizo.

mlinzi_wa_ruta:
Imekubali. Jana jioni A ilifika Gbps 3.3 na B 2.4, hakuna paketi iliyodondoka, simu zimetulia. Asanteni sana mno, mmeniokoa.

takwimu_kwanza:
Safi sana. Ila jumlisha hizo namba zako: 3.3 na 2.4 ni 5.7, na kila linki ni 5. Linki moja ikikatika jioni nyingine haiwezi kubeba yote, kwa hiyo kubalansi kumekuondolea msongamano ila hakujakupa usalama. Zungumza na B aongeze, au uanzishe ile piaringi, kabla wateja hawajaongezeka tena. Na kama mnalipia kwa asilimia 95, ukumbuke vipimo vya dakika tano tano ndo vinahesabiwa na ile asilimia tano ya juu inatupwa, karibu saa 36 kwa mwezi wa siku 30, kwa hiyo linki moja kubeba ziada kwa saa chache za dharura haikuongezei bili.

Afu jaribu kuangusha A kwa makusudi alfajiri moja uone kama kweli kila kitu kinahamia B. Usichomoe kebo, tangaza kwanza ruti zako kwa A ukiwa umebandika komyuniti ya 65535:0, ile ya RFC 8326, kama A anaiheshimu atashusha lokali preferensi mwenyewe na trafiki itahama taratibu kabla hujafunga sesheni. Ukifanya hivo angalia ile /22 inaonekana kupitia B kutoka mitandao ya nje, sio kwenye ruta yako tu.

mlinzi_wa_ruta:
Sawa mkuu, nimeomba ruhusa ya kufanya Jumapili alfajiri. B nao wameshanitumia bei ya Gbps 10.