Steki yenye mfupa

UKOO WA MARANGU 🏔

*Jumapili, saa 6:41 usiku*

Kaka NY: [picha]

Kaka NY: Mama na miaka 70 yake, Manhattan. Tumeshakaa 🎂

Baba Mdogo Himo: Hongera sana shemeji. Mbona giza hivyo, na huko umeme umekatika?

Kaka NY: Baba mdogo hujalala?

Baba Mdogo Himo: Saa tisa natakiwa machinjioni. Nikilala sasa siamki.

Kaka NY: Giza ndio mtindo wao, mishumaa. Mama amewasha tochi ya simu asome menyu, meza ya jirani wote wametugeukia.

Wifi Brooklyn: Na mimi nimewasha yangu. Maandishi ya kikaratasi cha dawa haya.

Mama: Wanangu, nimeisoma karatasi hii mara mbili. Wameandika steki, kisha wameandika mfupa. Naomba kuelezwa. Tangu lini steki ikawa na mfupa? Mama.

Baba Mdogo Himo: 😂😂😂 Shemeji umeniwahi. Kwangu mteja akisema steki namkatia paja tupu, mfupa hata kwa mbali haoni. Anayetaka mfupa anasema mchanganyiko, na analipa pungufu.

Kaka NY: Huku ni kinyume, yenye mfupa ndio yenye bei. Hii inaitwa porterhouse. Inatoka mgongoni kuelekea kiunoni, mfupa wa herufi T uko katikati. Upande mmoja sarara, upande wa pili nyama ya mgongo. Ya watu watatu inakuja sahani moja.

Baba Mdogo Himo: Sarara naijua. Ya ng'ombe wetu nyembamba kama mkono wa mtoto, na yenyewe hoteli wanaiwahi kabla sijafungua duka. Nundu je? Waulize nundu.

Kaka NY: Wengi huku ni Angus baba mdogo. Hawana nundu. Mgongo bapa kama meza.

Baba Mdogo Himo: Ng'ombe hana nundu 🤔 Sasa mafuta anaweka wapi?

Kaka NY: Ndani ya nyama yenyewe, mistari myeupe myembamba. Serikali yao inapanga madaraja kwa kuangalia hiyo mistari. Ya juu Prime, chini yake Choice, halafu Select. Hapa wanasema ni Prime tu.

Kaka NY: [picha] Hiki ni chumba cha kioo pale mlangoni. Hizo nyama zimekaa humo siku 28.

Baba Mdogo Himo: Siku ngapi???

Kaka NY: 28.

Baba Mdogo Himo: Mimi ikilala siku mbili naitwa muuza mizoga. Mwezi mzima!!! Shemeji toka hapo.

Kaka NY: Chumba kina baridi ya nyuzi 1 mpaka 3, na feni inapuliza muda wote. Maji yanapungua, ladha inabaki. Vimeng'enya vya nyama yenyewe vinalegeza nyuzi. Nje inakauka inakuwa ganda jeusi, wanalikata wanatupa. Ndio maana ghali, kilo inaingia kubwa inatoka ndogo.

Mama: Shemeji, mama yenu alikuwa akitundika mguu wa ng'ombe darini juu ya moshi wa jiko, na sisi wakamwana tulikula tukanyamaza. Sitoki. Nina njaa. Mama.

Baba Mdogo Himo: Hapo umenifunga mdomo.

*Saa 7:22 usiku*

Wifi Brooklyn: Imekuja. Nawaandikia haraka kabla haijapoa. Sahani ni ya chuma, moto, siagi inachemka pembeni. Nyama imeshakatwa vipande halafu ikapangwa upya kwenye mfupa kama vile haijaguswa. Mhudumu kachukua kisahani kidogo, kakigeuza kichwa chini, kakisukumia chini ya ile sahani upande mmoja ili iiname. Mafuta yote yakatiririka kuja upande wa Mama. Akawa anachota kwa kijiko anaimwagia nyama, anachota anamwagia. Hakudondosha hata tone kwenye kitambaa.

Baba Mdogo Himo: Huyo anajua kazi.

Wifi Brooklyn: Juu nyeusi kabisa. Moto wao unashuka kutoka juu, sio kama jiko letu la choma. Ndani sasa...

Mama: Wanangu, nimeletewa nyama ambayo moto umeisalimia mlangoni tu, ndani haukuingia. Kaka yenu ndiye aliyeagiza, mimi sikuulizwa. Mama.

Kaka NY: Jamani. Hii ndio namna inavyoliwa. Nusu mbichi kidogo. Ukiikausha umeharibu, kila mtu anasema hivyo.

Mama: Mwanangu, kila mtu huyo anaitwa nani?

Baba Mdogo Himo: 😂😂😂😂

Baba Mdogo Himo: Lakini shemeji, kisusio, supu ya damu ile, unapiga bakuli mbili na la tatu unaficha nyuma ya mlango. Leo wekundu umekutisha?

Mama: Shemeji, kisusio kinachemshwa. Usinichanganyie mambo. Mama.

Kaka NY: Mama nimwambie airudishe? Soma hapo chini kabisa ya menyu kwanza. Wameandika kwamba ukiagiza iive kabisa, jiko halihusiki na matokeo.

Wifi Brooklyn: Nimeshamwita mhudumu mimi. Anarudisha vipande vya Mama tu.

Wifi Brooklyn: Aliguna kidogo. Mama alimtazama kwa yale macho ya ubaoni. Akaondoka kimya.

*Saa 12:15 asubuhi*

Mimi: Nimeamka nakuta ujumbe 46 nikadhani kuna msiba. Kumbe nyama.

Dada Nesi: Na mimi nimetoka zamu sasa hivi. Mama amekula lakini?

Kaka NY: Amekula. Ilirudi imeiva. Mimi naona ilikauka, yeye kasema ndio kwanza imekuwa chakula.

Dada Nesi: Niseme moja kabla hamjaendelea kubishana. Ule wekundu si damu. Damu huondoka siku ya kuchinja. Ni maji ya msuli, kuna protini inaitwa mayoglobini, inatunza oksijeni, ndiyo yenye rangi.

Kaka NY: Asante!!! Nilimwambia!

Dada Nesi: Ngoja. Serikali yao hao hao inashauri pande zima la ng'ombe ndani lifike nyuzi 63, kisha lipumzike dakika 3. Yako wewe ingepimwa ingekuwa nyuzi 55 hivi. Kwa hiyo Mama hakukosea.

Mimi: Kaka kalale tu 😂

Shemeji Tanga: Mimi mngenipeleka hapo ningekula mchicha. Kama haikuchinjwa kihalali, siku 28 au siku moja kwangu ni sawa. Mama heri ya kuzaliwa, uzidi umri.

Mama: Asante sana mkwe wangu. Mchicha wenyewe wameuchemshia kwenye krimu mpaka hauna meno. Ungetaka wa nazi wa kwenu. Mama.

Baba Mdogo Himo: Nimerudi. Kuhusu nyama mbichi, kwetu nisingemshauri mtu. Leo alfajiri nimesimama na mkaguzi anapasua moyo na misuli ya taya anatafuta tegu, kama kila siku. Muhuri anagonga, ndiyo, lakini ipikeni.

Baba Mdogo Himo: Ila ya siku 28 imenikaa kichwani. Sisi tunachinja saa kumi alfajiri, saa mbili nyama iko kwenye sufuria ya mtu, msuli bado umekakamaa. Halafu mnanipigia simu eti nimewauzia ng'ombe mzee. Nikitundika paja moja wiki nzima kwenye friza?

Dada Nesi: Friza inagandisha baba mdogo, ikiganda hailegei chochote. Inatakiwa baridi isiyogandisha, isiyoyumba. Umeme wenyewe unaujua.

Baba Mdogo Himo: Basi tuendelee kutafuna.

*Saa 4:50 asubuhi*

Shangazi Moshi: Tumetoka ibada ya kwanza. Wifi yangu hongera, Mungu akuzidishie. Sasa semeni bei, msizunguke.

Kaka NY: Shangazi zawadi haiulizwi bei.

Shangazi Moshi: Mimi sijala zawadi. Mimi nauliza.

Wifi Brooklyn: Porterhouse ya watatu 210. Mchicha 18. Viazi 18. Kitunguu na nyanya 22. Maji 10. Jumla dola 278.

Mimi: Kitunguu na nyanya DOLA 22?

Mama: Wanangu, hilo nilitaka kulisema mwenyewe. Ni kachumbari ambayo mpishi aliikatia tamaa katikati. Nyanya duara tatu, kitunguu duara tatu, kila duara unene wa kidole gumba. Hakuna pilipili, hakuna ndimu. Mama.

Kaka NY: Hiyo ndio saladi ya hizi nyumba za steki tangu zamani.

Shangazi Moshi: 278 ndio mwisho?

Kaka NY: ... Kodi ya New York asilimia 8.875, yaani 24.67. Bakshishi asilimia 20, yaani 55.60. Jumla 358.27.

Mimi: Kwa 2,500 hiyo ni 895,675. Laki tisa kasoro kidogo 🙆🏾‍♀️

Baba Mdogo Himo: Kwa kilo 12,000 ni kilo 74 za nyama. Ningefunga duka nikapumzika.

Shangazi Moshi: Bakshishi 139,000? Kwa kuinamisha sahani?

Wifi Brooklyn: Shangazi, mimi niliuza chakula miaka miwili nilipofika huku. Sheria ya taifa inaruhusu mhudumu anayepata bakshishi alipwe dola 2.13 tu kwa saa, na haijapanda tangu 1991. New York wanalipa zaidi ya hapo, lakini bado bila hizo bakshishi kodi ya nyumba haitoki. Yule kijana alirudisha nyama, akaileta, akambadilishia Mama sahani ipate joto, akamwita ma'am kila alipopita. Mimi ningempa asilimia 25.

Shangazi Moshi: Haya, kwa hilo sina neno. La nyanya nina neno.

Mimi: Kaka hakukuwa na pengine? Ulisema mtaenda ile yenye mabomba juu.

Kaka NY: Si mabomba, ni viko vya tumbaku. Hiyo ni Keens, ipo tangu 1885. Dari lote limejaa viko vya udongo, maelfu kwa maelfu, vimefungwa kwa waya. Wateja wa zamani walikuwa wanaacha vyao pale. Wanasifika kwa pande la kondoo, Mama angelipenda. Nafasi zilikuwa zimeisha. Peter Luger ya hapa Brooklyn, ya 1887, nayo nikapewa saa nne usiku, Mama saa hizo ameshaota ndoto mbili.

Wifi Brooklyn: Keens wanawake walikuwa hawaingii. Mwigizaji mmoja, Lillie Langtry, akawashtaki mwaka 1905 akashinda, ndio wakafungua mlango.

Shangazi Moshi: Aika mbe! Mwakani mpelekeni huko. Na mimi niandikieni jina.

Kaka NY: Lakini hamjauliza la maana. Nilitaka Mama ale kitu kizuri kuliko vyote mjini. Nimetenga hiyo hela miezi minne. Halafu akala nusu saa nzima hasemi kitu.

Mimi: 😔 Kaka...

Dada Nesi: Na wewe kwa nini uliagiza bila kumuuliza? Mama huyo nyama anaigawa kwenye sherehe tangu hatujazaliwa. Kidari cha nani, ulimi wa nani, ini la nani. Leo unamchagulia yeye.

Kaka NY: Nilidhani namrahisishia.

Mama: Mwanangu, nilikuwa kimya kwa sababu nilikuwa na mfupa mdomoni. Wewe na mkeo mlikuwa mmekwisha kuweka visu chini, na huo ndio uliokuwa mtamu. Baba yenu angeupenda. Nilikuwa namkumbuka. Mama.

Kaka NY: Sawa Mama 🙏🏾

Wifi Brooklyn: Na mimi niliona anaongea naye kidogo. Nikajifanya nasoma bili.

Shangazi Moshi: Haya sasa mmeniliza na nina wageni.

*Jumanne, saa 8:05 usiku*

Kaka NY: [picha]

Kaka NY: Nimerudi kazini nakuta hii jikoni. Alipoona tunainuka juzi alimwambia mhudumu afunge mfupa, na vile vipande vyangu nilivyoacha. Mhudumu akafunga kwenye boksi zuri kama la viatu. Leo mkwewe kamsindikiza Bronx kwenye duka la Wadominika, wamepata ndizi mbichi. Mtori. Nimekunywa bakuli tatu nimesimama.

Baba Mdogo Himo: Mtori wa siku 28!!! Niko macho, naelekea kazini. Unafananaje?

Kaka NY: Baba mdogo, siwezi kueleza. Ile ladha ya nyama iliyokaa imeingia kwenye ndizi yote. Kengele ya moshi ilipiga mara mbili, jirani kaja kuuliza kuna nini, kaondoka na bakuli.

Dada Nesi: Aliogopa nyama lakini kwenye mtori ameitia 😂

Mama: Wanangu, imechemka kwa muda wa saa tatu. Huo si ubishi tena. Na mfupa haujaisha, nimeuweka kwenye jokofu. Kesho nitauchemsha na viazi. Mama.

Baba Mdogo Himo: Laki tisa ukigawa kwa siku nne inaanza kusemeka.

Kaka NY: Tano. Jirani kauliza kama kesho aje na bakuli lake.