Pattaya, Hua Hin au Phuket: kwa anayerudi kila mara, kambi iwekwe wapi?

Mchimba_wa_Mahenge

Wakuu, salaam.

Niwahi kusema mapema: sitafuti ushauri wa mtalii. Mahekalu nimeyaona, tembo nimewaona, picha zipo. Mimi ni mtu wa mawe. Nakuja Thailand kila mwaka, na si mara moja. Nakaa siku chache Bangkok mitaa ya Silom, kisha naenda Chanthaburi, ambako soko la vito la barabarani linachangamka Ijumaa hadi Jumapili. Spineli za Mahenge pale wanazijua kuliko zinavyojulikana Morogoro mjini. Mnunuzi anakodi meza, madalali wanampangia foleni na vipakiti vyao. Anainua jiwe kwa kibano kuelekea kwenye mwanga, anataja bei, dalali anaondoka kama aliyetukanwa, robo saa haijaisha karudi. Ukishauza unasubiri hela zitulie benki, na hapo ndipo inapokuja habari ya pwani.

Miaka yote kambi yangu ni Pattaya, upande wa Jomtien. Sababu ni jiografia tu: iko pwani ya mashariki ya Ghuba ya Thailand, kama kilomita 150 kutoka Bangkok, na ukitaka Chanthaburi unaendelea mbele, hurudi nyuma. Tatizo ni jina. Pattaya ikitajwa kwenye kikao cha ukoo, shemeji zangu wanaanza kukohoa. Safari ijayo mke wangu anakuja nami, na amesema tuangalie kwingine. Ametaja Hua Hin na Phuket.

Nataka tulinganishe kwa mambo ya siku ya kumi na tano, si ya siku ya kwanza. Pattaya naieleza mwenyewe, hizo mbili mnieleze nyinyi.

Kinachonirudisha Pattaya ni usafiri. Zile pikapu za bluu zenye mabenchi mawili yanayotazamana, ukiziona utadhani daladala za Unguja. Beach Road zinashuka kusini, Second Road zinapanda kaskazini, nyingine zinakwenda Jomtien. Unadandia, ukifika unabonyeza kengele ya darini, unashuka, unampa dereva sarafu dirishani. Kwa miaka mingi ilikuwa baht 10 (baht ndiyo hela ya Thailand). Ila usiulize bei! Ukiuliza tu umeshageuka abiria wa kukodi, na hapo anaanzia mia na kitu.

Chakula hakinisumbui. Soko la Soi Buakhao lipo Jumanne na Ijumaa: kuku wa kuchoma, wali wa kunata, saladi ya papai bichi inayotwangwa kwenye kinu mbele yako. Ninapokaa kuna mama muuza wali ambaye akiniona kwa mbali anaanza kukata pilipili. Nikitaka maji masafi ya bahari napanda boti ya kisiwa cha Koh Larn pale gati ya Bali Hai, baht 30. Kwa sababu ufukwe wa Pattaya wenyewe, tuseme ukweli, si wa kuogelea mtu aliyezaliwa karibu na Bahari ya Hindi.

Mabaya yake: mvua za Septemba na Oktoba, barabara ya kando ya reli inakuwa mto na pikipiki zinazimikia humo. Na Walking Street, ambayo ni kelele na biashara ya miili, sitaipaka rangi. Lakini ukikaa Jomtien unaweza kumaliza mwezi hujaiona.

Mama_Pacha

Kaka, mpeleke wifi Hua Hin.

Mimi naishi Gothenburg, mume wangu ni Mswidi, na kila baridi ikianza tunakimbilia huko. Pattaya tulianzia, tukahama. Utanisamehe, wewe ni mwanaume, kuna kitu hukioni. Mwanamke Mwafrika akitembea Pattaya jioni peke yake, hata akiwa anafuata dawa ya mbu, kuna macho yanayomuuliza bei. Hua Hin sijawahi kukutana nayo.

Hua Hin ni mji wa wakubwa. Reli ilipofika mwaka 1911 watu wa Bangkok wenye nafasi wakaanza kwenda kupunga upepo, kisha Mfalme Rama wa Saba akajenga kasri lake la Klai Kangwon mwishoni mwa miaka ya 1920. Mfalme Bhumibol naye aliishi hapo miaka mingi. Kwa hiyo mji ulikua ukiangalia adabu zake. Pattaya historia yake ni nyingine kabisa, ilianza kunenepa kwa askari wa Marekani waliokuja kupumzika wakati wa vita vya Vietnam.

Pwani yake inatazama mashariki, jua linachomoza baharini. Ya kwenu linazama. Kwetu sisi wa kuamka alfajiri hilo lina uzito: saa kumi na mbili na nusu asubuhi ufukweni ni wazee wanaotembea, mbwa, na watawa waliotoka kupokea sadaka ya chakula.

Usafiri wa kwenda ni raha. Treni inatoka kituo kikubwa cha Krung Thep Aphiwat, na tangu mwisho wa 2023 inasimama kwenye kituo kipya cha juu. Kile cha zamani cha mbao, chenye chumba cha kungojea cha mfalme, kimebaki chini yake na watu wanakipiga picha.

Sasa mabaya, maana umeomba ulinganisho. Ndani ya mji kuna pikapu za kijani zinazokwenda hadi Khao Takiab, lakini ni chache na jioni zinapotea mapema. Bila pikipiki au Grab (teksi za kuita kwa simu) unakaa ndani. Wikendi Bangkok nzima inahamia huko na bei za samaki zinapanda hata unajua ni Ijumaa bila kalenda. Na usiku ni kimya. Mimi nakipenda, wewe sijui.

Kijana_wa_Likoni

Hua Hin ni pazuri, sikatai, lakini mkuu wa mawe mbona mnamsahaulisha hesabu? Hua Hin iko ng'ambo ya ghuba. Kutoka huko kwenda Chanthaburi ni kurudi Bangkok kwanza, halafu uanze upya kuelekea mashariki. Ni siku nzima barabarani na jiwe mfukoni.

Mimi naandikia kampuni za nje programu za kompyuta, kwa hiyo nakaa popote penye intaneti. Thailand iko mbele yetu kwa saa 4, mkutano wa saa tatu asubuhi Nairobi mimi nimeshakula chakula cha mchana. Nimekaa sana Phuket. Kwanza ondoeni fikra kwamba Phuket ni mji. Ni kisiwa, tena kikubwa, na ukisema "nakaa Phuket" hujasema kitu. Patong ni Pattaya iliyopandishwa bei. Rawai ni ya wavuvi na wazungu waliohamia. Mji mkongwe ni wa Wachina wa enzi za migodi ya bati, nyumba ndefu nyembamba zilizopakwa rangi, na ndiko penye chakula kizuri kuliko kote. Uwanja wa ndege uko kaskazini, wewe unakaa kusini, taksi inakula pesa ambayo Pattaya ungeishi nayo siku mbili.

Hakuna daladala za maana za kuzunguka. Kwa hiyo kila mtu anapanda skuta, na hapo ndipo watu wetu wanapoumia. Angalia bima yako ya safari vizuri: kama leseni yako haina daraja la pikipiki, siku ya ajali bima inakugeuzia mgongo na hospitali binafsi inataka hela kwanza.

Bahari sasa. Novemba hadi Aprili ni kioo. Mei hadi Oktoba upepo wa kusi wa kule unaleta mawimbi ya hatari pwani ya magharibi, bendera nyekundu zinapandishwa, na kila mwaka kuna wanaozama kwa sababu walisema wanajua kuogelea. Ghuba yenu ya Pattaya na Hua Hin haina vurugu hizo.

Abu_Salim_Maskati

Assalamu alaykum jamaa.

Kijana wa Likoni amesema kweli, lakini kaiacha nusu ya Phuket. Sisi tunakwenda na familia baada ya kumpeleka mzee hospitali Bangkok, na hatukai Patong. Tunakaa Kamala, au Bang Tao. Wenyeji wengi kule ni Waislamu, adhana unaisikia, mama anakwenda sokoni na buibui lake hapana anayemtazama mara mbili. Chakula cha halali hukitafuti, ndicho kilichopo: roti na mchuzi asubuhi, mishikaki, biriani ya kuku ya kimanjano. Kwa mtu wa mwambao ni kama kufika kwa jamaa.

Pattaya pia halali ipo, kuna mtaa wa Waarabu na Wahindi karibu na Walking Street. Lakini kumpitisha mama pale usiku ili ale kebabu, mimi siwezi.

Ndege vilevile. Kwa sisi wa Ghuba ya Uarabuni, Dubai na Doha zina ndege ya moja kwa moja hadi Phuket. Anayetoka Dar kupitia huko haoni Bangkok kabisa.

Mtoro_wa_Temeke

Mnazunguka sana. Siku hizi siku 60 bila viza, ingia toka utakavyo. Jaribu zote tatu!

Karani_Mstaafu

Kijana, siku 60 bila viza ni kweli zilianza Julai 2024, kwa nchi 93. Tanzania haimo, Kenya haimo. Ukienda uwanjani bila viza utaishia kwenye kaunta ya kukabidhi mizigo. Sisi tunaomba viza mtandaoni. Ya utalii inakupa siku 60, na ukitaka kuongeza 30 unakwenda uhamiaji na baht 1,900. Kwa Pattaya ofisi iko Jomtien, Soi 5. Ukipitiliza ni baht 500 kwa kila siku, hadi 20,000, na alama kwenye rekodi yako, jambo ambalo mtu wa kurudi-rudi halitaki kabisa.

Mengine mawili. Tangu 1 Mei 2025 kuna fomu ya kuwasili ya kidijitali, inajazwa ndani ya siku tatu kabla ya kufika na ni bure. Ukikuta tovuti inakudai dola, umepotea njia. Na kadi ya homa ya manjano: kwa sisi wa Afrika Mashariki unapita kwanza meza ya afya, wanakupa karatasi, ndipo uende foleni ya uhamiaji. Watu wanaiona foleni ndefu wanaikimbilia, wanafika mbele wanarudishwa.

Mchimba_wa_Mahenge

Mzee Karani, shikamoo, na asante. Hiyo ya meza ya afya nimeiona ikiwatoa watu jasho.

Abu Salim, mke wangu kasoma ya Kamala akanyamaza, na akinyamaza ujue anapiga hesabu. Shida ni Chanthaburi. Phuket iko mbali na mawe yangu, lazima nipande ndege ya ndani.

Swali moja kwa wote: hotelini nimechoka. Nikichukua chumba kwa mwezi, mnaangalia nini? Mwaka jana jirani yangu alilipa kodi ndogo kuliko mimi lakini bili yake ya umeme ilitisha.

Mama_Pacha

Swali la kwanza si kodi, ni "umeme yuniti shilingi ngapi", yaani baht ngapi. Nyumba za kupangisha za mtu binafsi wengi wanakuuzia yuniti kwa baht 7, 8, hata 9. Kondo (fleti kwenye jengo kubwa) ambayo mita iko moja kwa moja na shirika la umeme ni kama baht 4 na kitu. Kiyoyozi kikilala kimewaka mwezi mzima, tofauti hiyo inameza ule unafuu wote wa kodi. Huko hakuna LUKU ya kukukatia ukashtuka, bili inakuja mwisho wa mwezi umeshamaliza kulala baridi.

Pili, piga picha namba ya mita siku unayoingia, mwenye nyumba akiwa amesimama hapo. Na kila kovu la ukuta. Dipoziti inagombewa kwenye makovu.

Tatu, mwenye nyumba anatakiwa awaarifu uhamiaji ndani ya saa 24 kwamba analaza mgeni. Muulize kabla hujalipa. Akijifanya hajui unazungumzia nini, tafuta chumba kingine, maana siku ya kuongeza viza karatasi hiyo itatakiwa na wewe ndiye utakayetumwa kuifuata.

Kijana_wa_Likoni

Naongeza: usilipie mwezi mzima ukiwa Dar kwa kuona picha. Chukua hoteli siku mbili tatu, tembea kwa miguu kwenye soi, yaani mtaa mdogo, unayoitaka saa tano za usiku. Mchana kila soi ni tulivu. Usiku ndio utajua kama chini ya dirisha lako kuna baa yenye spika.

Na usihangaike na saa mkikubaliana na wenyeji wa mtaani: kuanzia saa moja hadi saa tano usiku wanahesabu kama sisi, saa mbili usiku ni mbili.

Mchimba_wa_Mahenge

Haya, tumekaa kikao, mimi na mwenye nyumba wangu wa kudumu, yaani mke wangu. Tunakwenda Januari. Mawe kwanza, kisha Jomtien kwa mwezi, kwenye kondo ya mita ya shirika, mbali na Walking Street na kwa jina la "karibu na Chanthaburi" tukiulizwa na shemeji. Katikati ya mwezi tunakwenda Hua Hin kwa treni, Jumatatu hadi Ijumaa asubuhi, tuondoke kabla watu wa Bangkok hawajafika. Kamala nimeahidi safari ya peke yake, bila mawe. Imeandikwa kwenye simu yake, si yangu.

Karani_Mstaafu

Januari ni msimu wa wazungu. Kondo nzuri zinaisha mapema na wengi watataka mkataba wa miezi mitatu. Mweleze dalali wazi kwamba ni mwezi mmoja, utalipa zaidi kidogo.

Mama_Pacha

Na kwenye treni wifi abebe shuka au khanga mbili. Kiyoyozi cha mabehewa yale hakina huruma, na dirisha halifunguki.