Sherehe ya Krismasi chekechea, Thailand: watoto 28, dakika 50

mgeni_nonthaburi
Walimu, naombeni mwongozo. Nafundisha Kiingereza chekechea, watoto 28 wa miaka 4 hadi 5. Krismasi si sikukuu ya taifa huku, tarehe 25 wanakuja shule kama kawaida, na uongozi umenipa dakika 50 za sherehe "yenye Kiingereza ndani". Watu wazima tuko watatu: mimi, mwalimu wa darasa ambaye ni Mthai, na msaidizi wake. Nafikiria viti vya muziki, kofia za karatasi na maputo. Itatosha?

teacher_wa_pwani
Maputo achana nayo. Moja likipasuka nusu ya darasa inalia, na kipande chake mdomoni mwa mtoto wa umri huo kinaweza kumkaba. Viti vya muziki navyo kwa watoto 28 ni balaa: kila raundi anatoka mmoja, na waliotoka ndio wanaoanza kusukumana. Cheza ule wa kuganda, ukisema "Freeze!" wote wanasimama kama sanamu na hatolewi mtu.

Makundi yafuate idadi ya watu wazima. Mko watatu, basi 9, 9 na 10. Wimbo wa pamoja dakika 6, vituo vitatu vya dakika 10, kuhama mara mbili dakika 2 kila mara, zinabaki 10 za kula na kuagana. Kituo chako ndicho kiwe cha Kiingereza: kifurushi cha tabaka za gazeti, tabaka moja kwa kila mtoto, na kila tabaka stika moja na picha moja. Watoto wanapitishiana kifurushi muziki ukipigwa; ukikatika, aliye nacho anabandua tabaka moja na kutaja picha, mfano "It's a star". Kitufe cha muziki unashika wewe, kwa hiyo hakikisha kila mmoja amepata zamu. Andaa vifurushi vitatu, kimoja kwa kila kundi. Selotepu weka kidogo sana. Wakishindwa kubandua, muda unaisha kwenye tabaka la nne. Katikati usiweke mwanasesere, maana atampata mmoja na wengine watalia. Weka mhuri wa nyota, kila mtoto agongwe mkononi.

mama_chaki
Kofia: kichwa cha umri huo ni kama sm 50, na manila ya A4 ina urefu wa sm 29.7, kwa hiyo kila kofia inataka vipande viwili vya upana wa sm 5. Karatasi moja inatoa vipande vinne, yaani kofia mbili. Kata karatasi 16, ziwepo za akiba. Ukate jana yake. Mkasi siku ya sherehe unakula kituo kizima. Watoto wapake rangi kipande kikiwa bapa mezani, kisha mtu mzima ampime na kufunga kwa stepla, ncha za pini zikitazama nje na kufunikwa selotepu. Gundi ya kijiti haikauki kwa wakati, kofia zitawafumukia wakiwa kwenye kituo kinachofuata. Na unga wa kumetameta usiuguse kabisa, unaingia machoni.

kaka_isaan
Mambo ya Kithai ambayo hujaambiwa. Majina kwenye kofia usiandike kwa wino mwekundu, hata kama ni rangi ya Krismasi. Jina la mtu kwa wekundu huku linahusishwa na kifo, na mzazi akiliona hatafurahi. Na ukicheza "Duck, Duck, Goose", ule mchezo wa kuzunguka duara ukigusa vichwa vya waliokaa, gusa bega, huku kichwa kinaheshimiwa.

Chakula muulize mwalimu wa darasa kabla hujanunua: nani ana mzio wa karanga, maziwa au kamba, na nani Mwislamu. Peremende laini nyingi zina jelatini ya nguruwe, tafuta alama ya halali kwenye pakiti. Peremende ngumu za duara hazifai umri huu. Zabibu zikatwe kwa urefu, si kwa upana.

mgeni_nonthaburi
Asanteni sana. Na zawadi? Naambiwa kila mtoto alete moja.

kaka_isaan
Hiyo ni ya kuokota namba: kila mtoto anaokota namba na kupata zawadi yenye namba hiyo. Wanaipenda sana mwisho wa mwaka. Mwalimu wa darasa atume ujumbe kwa wazazi kwenye kundi la LINE (programu ya ujumbe kama WhatsApp) wiki moja kabla, na bei ya juu itajwe kwa bahti, pesa ya Thailand, la sivyo mmoja ataleta gari la rimoti na mwingine daftari. Nunua tatu za ziada kwa watakaosahau. Wakabidhiwe wakati wa kutoka, zikiwa bado zimefungwa.

mama_chaki
Picha waachie shule wazipige na kuzituma wao. Sheria ya Thailand ya taarifa binafsi inatumika kikamilifu tangu Juni 2022, kwa hiyo sura za watoto zisiende kwenye ukurasa wako.