Mafundi giaboksi wa Mwanza mnatumaliza: hamjafunga hata tela mnatangaza "bosi, giaboksi imekufa"

Wakuu habari za mihangaiko. Naandika nikiwa na hasira kwahiyo mtanivumilia, ila huu uzi nauacha hapa kwa sababu najua siko peke yangu, watu wa Kanda ya Ziwa tunaliwa hela kila siku kwa mtindo huuhuu mmoja. Gari la otomatiki likikohoa tu kidogo basi hukumu imeshatoka, giaboksi imekufa, lete hela ya nyingine.

Nina Hilux ya otomatiki, kazi yake kuvuta boti. Zile boti za faiba zikimaliza kutengenezwa mjini mimi ndio nazipeleka kwenye mialo, Igombe, Kayenze, huko Magu, na tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe Juni 2025 kazi za Sengerema zimekuwa nyingi maana husubiri tena kivuko, unapita zako juu ya maji kilomita 3 unaendelea na safari. Boti na tela lake inafika kama tani moja na nusu hivi, mzigo ambao hiyo gari inauvuta bila shida kabisa.

Sasa ikaanza hivi. Nikiwa navuta usiku gari inakuwa nzito, nakanyaga mafuta mshale wa RPM (mizunguko ya injini) unapanda spidi haifuati, nikifika kwenye mlima taa ya A/T OIL TEMP (joto la oili ya giaboksi) inawaka, nikisimama nasikia harufu ya oili iliyoungua mpaka ndani ya kebini. Mchana safari ileile mzigo uleule, shwari. Bila tela, shwari usiku na mchana. Hayo yote nilimwambia fundi, tena nilimrudia, USIKU na TELA. Fundi wa maana akisikia maneno hayo mawili anatakiwa asimame hapohapo akune kichwa.

Huyu bwana hakukuna kitu. Kaingia kwenye gari saa tano asubuhi, tela limebaki pembeni, kazunguka nalo mtaa mmoja karudi. "Bosi, pleti zimeisha, giaboksi hii imekufa." Pleti ndio zile klachi za ndani ya giaboksi. Namuuliza umeangalia oili? Ndio anakwenda kuchomoa dipstiki, gari imezimwa, tena imeegeshwa kwenye mteremko!! Jamani. Kwenye Toyota yenye dipstiki oili ya giaboksi unapima gari likiwa limeshachemka, sehemu ya tambarare, injini inaunguruma, unapitisha lever kwenye gia zote taratibu unarudisha P ndio unachomoa. Ikiwa nyekundu na safi uko salama, ikiwa ya kahawia na inanuka imepikwa, ikiwa pinki ya maziwamaziwa basi maji ya rejeta yameingia humo na hapo kweli una msiba.

Yangu ilikuwa kahawia. Akanionyesha kwenye kitambaa kwa furaha kabisa, "si unaona mwenyewe bosi?" Nimeona nini sasa? Oili kuungua inakwambia kulikuwa na joto, haikwambii joto limetoka wapi. Hilo ndilo swali nililomlipa ajibu na ndilo hakuligusa mpaka leo.

Akaleta na mashine ya kusoma kompyuta ya gari, akachomeka, hakuna kodi (namba ya kosa) hata moja. Hapo mtu mwenye akili angeanza kuwa na wasiwasi na maneno yake mwenyewe. Pleti zikiwa zinateleza kweli, kompyuta inalinganisha mzunguko unaoingia kwenye giaboksi na unaotoka, ikiona haviendani na gia iliyopo inatupa P0730, au P0731 kama ni gia ya kwanza, P0732 ya pili, unaendelea hivyo. Konveta (ile inayopitisha nguvu ya injini kwenye giaboksi kwa oili) ikiamriwa ifunge lokapu, yaani kufuli lake la ndani, ikagoma, P0741. Sasa mashine imenyamaza kimya, yeye jibu lake ni "hii imekufa kimekanika, mashine haiwezi kuona". Kwahiyo mashine ikisema giaboksi ni giaboksi, isiposema pia ni giaboksi. Huo ni ufundi au ni ramli?

Hakupima presha ya oili, na pale kwenye giaboksi kuna tundu kabisa la kufunga geji, wameliweka kwa kazi hiyo. Stall test hakufanya (ile ya kubana breki zote na kukanyaga mafuta kwenye D, sekunde tano mwisho, usizidishe utaipika giaboksi nzima ife kweli). Sampu (karai la oili chini ya giaboksi) hakufungua. Ukifungua sampu kuna sumaku mle ndani, ukikuta tope laini la kijivu kwenye sumaku hilo ni la kawaida, ukikuta vipande vya chuma na mabaki meusi ya pleti yamezagaa hapo ndio unaongea habari ya kufa. Spana namba kumi na nusu saa ya kulala chini ya gari. Hata hiyo nusu saa ilimshinda.

Nikatoa milioni mbili na ushee giaboksi ya mtumba ikafungwa. Na kufunga kwenyewe sasa, kula (cooler, kipoza oili) ya oili haikuoshwa, yani ule uchafu wote wa oili iliyoungua umebaki kwenye paipu na kwenye rejeta unasubiri kuingia kwenye giaboksi mpya. Oili wakajaza iliyokuwepo gerejini, nauliza ni aina gani naambiwa "bosi nyekundu ni nyekundu". Nyekundu ni nyekundu! Kuna Dexron, kuna WS, uzito tofauti, kila giaboksi ina yake imeandikwa kwenye kitabu cha gari.

Safari ya kwanza ya usiku na boti nyuma, ugonjwa uleule. RPM juu, gari nzito, taa ya joto hiyo imewaka. Napiga simu naambiwa nini? "Hizi za mtumba ni bahati nasibu bosi, hiyo nayo itakuwa mbovu, tuma hela tutafute nyingine." Wakuu nilitaka kuvunja simu.

Sasa sikieni aliyelipata tatizo. Dereva wa lori. Alikuwa nyuma yangu tangu Buhongwa, tumefika Usagara kaegesha kaja amenuna, "wewe kaka umekanyaga breki safari nzima ina maana gani, unatuumiza macho, na ukishika breki ya kweli tutajuaje?" Namwambia sijagusa breki. Ananiambia njoo huku nyuma. Kweli, taa za breki zinawaka zenyewe, za gari na za tela, mguu wangu uko chini kwenye lami.

Kesho yake nikaenda kwa mzee mmoja fundi wa umeme, maskani yake ni chini ya mti hana hata bango. Kitu cha kwanza alichosema: "Ng'wanawane (mwanangu), tela liko wapi?" Nikalifunga. Akasema washa taa ndogo. Akaenda nyuma akachuchumaa, breki zinawaka. Zima taa ndogo, breki zinazima. Akachomoa plagi ya tela akaifungua, mle ndani kutu ya kijani tupu, nyuzi za waya wa taa ndogo zimechomoka kwenye skrubu zimelalia pini ya breki. Tela la boti kila siku linaingizwa ziwani kushusha mzigo, hiyo plagi imekunywa maji ya Viktoria mpaka imeoza. Kwahiyo nikiwasha taa usiku, umeme wa taa ndogo unavuka unaingia kwenye laini ya breki, unarudi mpaka kwenye gari, na kompyuta ya giaboksi inapata taarifa kwamba dereva kakanyaga breki.

Na otomatiki ikijua umekanyaga breki inaachia lokapu, imetengenezwa hivyo. Lokapu ndio inayoshikanisha injini na giaboksi moja kwa moja ukiwa kwenye mwendo. Ikiachia, nguvu yote inapita kwenye oili ndani ya konveta, oili inasukwasukwa na tani moja na nusu nyuma, RPM inapanda, joto linapanda, oili inaungua. Na kodi haitokei kwa sababu kompyuta haijaona kosa lolote, inatii tu. Ukiwa mtu asiyejua, utaapa pleti zinateleza.

Mzee akanipa na kipimo cha bure kabisa. Uko kwenye barabara nzuri, spidi imetulia kwenye themanini hivi, unagusa breki kidogo sana kwa mguu wa kushoto bila kuachia mafuta, pasiwe na mtu nyuma. Kama lokapu ilikuwa imefunga RPM itaruka juu mia kadhaa, ukiachia inarudi. Usiku ule yangu ingekuwa haijitikisi maana ilikuwa imeshaachiwa tangu nilipowasha taa. Hakuna mashine, hakuna spana, mguu tu.

Plagi mpya, waya zimechomelewa zikafungwa vizuri, nikaongeza na kula ya oili ya nje mbele ya rejeta, nikabadilisha oili kwa ile iliyoandikwa kwenye kitabu. Nimevuka Busisi usiku na boti nyuma, RPM imetulia, taa ya joto imezima. Bei aliyochukua mzee siitaji hapa, mtacheka.

Na kabla hamjaja na zile komenti za "otomatiki haivuti, nunua manyuali", naomba mpite kushoto. Manyuali nayo ingewasha breki hivyohivyo na huyo dereva wa lori angenitukana hivyohivyo.

Nimerudi gerejini kudai. Jibu: "lakini bosi oili ilikuwa imeungua, si uliona mwenyewe." Sawa, nikasema basi nipeni giaboksi yangu ya zamani niirudishe, maana mpaka sasa hakuna aliyeifungua kuthibitisha kwamba ina pleti mbovu. Wakaanza kutazamana. "Ile tulishaitoa bosi, tulijua ni skrepa." Mmeitoa kwa nani? Kimya. Mtu wa skrepa ananunua kwa kilo, na ile hamkuniita hata kuja kushuhudia mzani.

Kwahiyo kama kuna mdau wiki hizi kauziwa giaboksi ya Hilux otomatiki maeneo ya Nyakato, akaambiwa ni kali imetoka Japani, angalia kwenye sampu upande wa kushoto, kuna bonde dogo liligongwa na jiwe njia ya Kayenze. Hiyo ni ya kwangu. Njoo PM tuongee, sitaki ugomvi na wewe, nataka risiti yako tu.