Naomba ushauri: korona ya udongo inapasuka ikikauka

Wadau, darasa la tano hapa Tanga wanafinyanga korona, mashine ya kukamua majani ya mkonge kupata singa (nyuzi zake), zao lililoletwa nchini na Mjerumani Hindorf mwaka 1893. Kila kundi la watoto 5 lina kilo 3 za udongo wa mfinyanzi juu ya kiunzi cha waya. Udongo ukikauka husinyaa, waya hausinyai, basi ngoma (pipa la mashine linalozunguka) inapasuka katikati. Singa zilizokatwa sentimita 2, konzi moja kwa kilo, zimepunguza nyufa. Zikizidi hapo zinajiviringa mabonge. Nizungushie waya magazeti udongo upate pa kusinyaa, au nichomoe waya udongo ukiwa nusu mkavu? Na kufunika kwa gunia bichi, siku ngapi? Tanuri hatuna, msiniambie nichome.